Mguu wa Mpangaji

2 Februari

Mjukuu wangu Cheche,

Hujambo? Mimi sijambo, goti ndilo lenye maneno. Anayeandika hapa ni Fundi Viatu wa chini ya ngazi, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Shule niliingia asubuhi moja tu, nikaambiwa nirudi nyumbani nikalete kifagio, nikamkuta mama yangu na rundo la nguo za kufua, na hicho kifagio hakijafika shuleni mpaka leo. Fundi, unacheka nini? Andika. Andika kama ninavyosema, usinipunguzie wala usinishonee urembo.

Chumba kimekuwa kipana mno tangu uende shule ya bweni. Nakaa, nasimama. Naenda dirishani, narudi. Jana nimepiga pasi shuka ambazo zilikuwa zimeshapigwa pasi. Yule dada karani wa dukani kwa dobi ananiuliza, Mama, si ulishaacha kazi wewe? Nikamwambia mimi nimeiacha, yenyewe ndiyo haijaniacha.

Haya, huyu kaa wako. Sanduku lake la kioo liko juu ya meza yangu ya pasi, dirishani lakini si kwenye jua. Maji yake nayalaza kwanza kwenye beseni, dawa ya bomba itoke. Baba za wenzako wakirudi kutoka kazini mbali huleta vitambaa, huleta redio. Wako kaleta kaa kwenye kopo la rangi! Tena kaa mwenyewe kapungukiwa mguu, na anaishi ndani ya gamba la konokono aliyekwisha kufa. Siku ile nikasema, huyu si kaa, huyu ni mpangaji, na jina likamganda.

Basi Mpangaji hajambo. Anakula. Jana kala tango na yai. Nikilala namsikia akigonga kioo, ko, ko, ko, kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Kwa hiyo mwache yeye kwangu, wewe shika kitabu.

Bibi yako, kwa mkono wa Fundi Viatu.

Mimi Fundi naongeza hapa chini bila yeye kujua. Tangu siku uliyoondoka kaa hajaonekana. Tango linabaki kama lilivyowekwa. Bibi yako anakaa akiutazama mchanga.


11 Februari

Shikamoo Bibi,

Nimepata barua yako, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Mimi naendelea vizuri. Chakula ni kingi. Bweni lina vitanda vya juu na chini, nami nina cha chini karibu na mlango. Wenzangu ni wazuri. Nafurahi Mpangaji anakula.

Fundi, kuanzia hapa soma kimya kimya, kisha uimbe au ukohoe, ujue mwenyewe.

Asante kwa kuniambia. Hajapotea. Amejizika mwenyewe ili ajivue ngozi. Ngozi yake ya nje haikui, kwa hiyo ikimbana anaingia mchangani na kuivua yote, miguu, magando, hata ya macho. Hapo huwa laini kabisa, ukimgusa unaweza kumuua. Asichimbuliwe! Hata kidogo. Ngozi aliyoivua nayo isitupwe, huwa anaila, ndiyo inayompa nguvu ya kukakamaa tena. Tafadhali mzuie Bibi. Tafuta sababu yoyote, ila usimwambie kwamba najua. Akijua kwamba najua ataanza kunihofia, halafu hatalala.

Na mimi silali. Mtu akifungua mlango huo naamka, nao hufunguliwa usiku kucha. Sili pia, lakini hilo ni letu mimi na wewe. Mpangaji akifa, mimi narudi nyumbani. Nimeshaamua.

Cheche


20 Februari

Cheche wangu,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba chakula ni kingi. Lakini hebu niulize, siku hizi shuleni wanafundisha kuandika kwa maandishi makubwa? Maana naona karatasi imejaa mbele na nyuma, na Fundi kaisoma akamaliza kabla chai yangu haijapoa. Halafu katikati akashikwa na kikohozi, akakohoa weee, nikamletea maji. Fundi, nimesema uongo? Andika.

Huku hatulali. Yaani mimi silali. Nimehamisha kabati, nikalirudisha. Nimefungua mlango kama mara kumi nikidhani kuna mtu. Hakuna mtu.

Mpangaji hajambo kabisa. Jana kapanda kioo mpaka juu, akanitazama kwa vile vijicho vyake vilivyo juu ya vijiti kama mtu anayetaka kuuliza bei. Nikamwambia shuka. Akashuka. Ana adabu kuliko baba yako.

Kitu kimoja kinanikera, na hapo nisamehe, kazi yangu imeniharibu: ule mchanga. Mbichi siku zote! Mimi nimeishi miaka yangu yote nikitaka kitu kibichi kikauke, kikunjwe, kiende kwa mwenyewe. Unyevu ukikaa unaleta uvundo, uvundo unaleta doa. Nikiupitia mchanga ule kwa chekeche, nikauanika kidogo tu, si atafurahi? Fundi ananiambia eti mchanga wa kaa ukiguswa na mwanamke goti linavimba. Nimemwuliza kayasikia wapi hayo, kasema kwa mteja. Mteja gani, mwenye soli ipi? Kainamia karatasi.

Soma sana.
Bibi yako, kwa mkono wa Fundi, ambaye leo kakohoa tena.

Mimi Fundi. Bado haonekani. Bibi yako ameazima upawa kwa jirani na sioni sufuria jikoni. Uongo wangu umeisha.


1 Machi

Bibi!

Shikamoo. Usichimbe. Rudisha huo upawa. Usichekeche, usianike, usiguse chochote!

Najua kwamba hujamwona tangu niondoke. Fundi ameniambia, na usimgombeze. Mbona unaniambia anapanda kioo? Ulimwona lini akipanda kioo?

Kama amekufa niambie amekufa. Nguo zangu nimezifunga. Jumamosi geti hufunguliwa kwa gari la mboga, na matroni huwa anatazama mboga, hatutazami sisi. Sitaki kukaa mahali ambapo sijui kama kitu changu kiko hai. Silali hapa, Bibi. Nilikudanganya na mimi.

Cheche


9 Machi

Cheche,

Leo anaandika dada karani wa kwa dobi. Yule wa chini ya ngazi nimempumzisha. Barua yako ya juzi kaisoma huku jasho linamtoka, na alipofika kwenye jina lake mwenyewe ikabidi aseme. Nikamwambia, kumbe wewe unashona huku unafumua kule! Nikachukua barua zote nikashuka nazo dukani, karani kanisomea moja moja, na ile ya Februari kanisomea yote, mbele na nyuma, bila kikohozi.

Basi nimesikia. Asichimbuliwe, umesema. Maneno hayo uliyaandika, yalifika humu humu ndani, yakakaa mfukoni kwa Fundi pamoja na misumari yake. Na mimi ninayeshika upawa ndiye niliyefichwa! Ungeniambia mimi, Cheche. Ungesema, Bibi, acha, ningeacha.

Maana nilichimba. Ndiyo. Kabla barua yako ya pili haijafika. Sasa nichape.

Nilichimba pembeni, kwa ncha ya upawa, polepole kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikakuta tundu, kama kijichumba. Humo ndani nikaona kaa wawili. Nikasema, Mungu wangu, huyu mpangaji kumbe alileta ndugu! Mmoja wa kahawia, mkavu, kalala ubavu. Mwingine yuko kwenye lile gamba la kijivu, katoa magando nje, meupe, yanang'aa kama wanga uliopikwa. Hakujitikisa. Nikapuliza, wapi. Mchanga ukaporomoka kidogo juu yake. Nikakifunika kile kijichumba kwa nusu ya kikombe cha plastiki, nikarudisha mchanga, nikaenda kukaa kitandani kwako.

Kwa nini nilikudanganya? Kwa sababu nakujua. Ukiwashwa huzimiki. Nilijua ukisikia tu Mpangaji haonekani, utapanda gari la kwanza, hata kama ni la mboga. Nami sitaki urudi kwa sababu ya hofu. Ukirudi kwa hofu mara moja, kila hofu itakuwa ni nauli.

Sasa ukweli ni huu: sijui kama yuko hai. Nanusa sanduku asubuhi na jioni. Dada karani anasema aliyekufa hunuka, na huyu hanuki. Ninajua hilo tu, na sijaongeza chumvi.

Usije. Nakuomba, siamuru.

Bibi yako, kwa mkono wa karani, ambaye ana mwandiko wa haraka kwa sababu wateja wamesimama.


15 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma.

Wale wawili ni mmoja. Yule wa kahawia ni ngozi yake tupu. Kama alikuwa mweupe, basi ulimkuta ndio kwanza ameivua, hakuna wakati mbaya kuliko huo. Usiguse tena. Tusubiri.

Nitasubiri mpaka geti la Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Akitoka, niambie. Asipotoka, niambie. Lakini, Bibi, usininunulie mwingine. Nakumbuka kile kifaranga changu kilicholala cha njano kikaamka cheupe, ukaniambia eti kimeoga. Nilikuwa mdogo nikakubali. Sasa si mdogo.

Mpangaji hana mguu wa pili upande wa kushoto, na nyumba yake ni ya kijivu yenye ufa mdomoni. Nitakuuliza.

Cheche


27 Machi

Cheche! Cheche! Cheche!

Katoka! Anaandika dada karani, nimemvuta huku chumbani aone kwa macho yake, lakini kafika Mpangaji amejificha nyuma ya bakuli la maji, kwa hiyo kaona gamba tu. Haidhuru, mimi nimemwona mzima mzima.

Asubuhi nilikuja kunusa kama kawaida, nikakuta mchanga umepasuka katikati kama mkate. Halafu gando likatoka. Si jeupe tena, jekundu, jekundu la nguo mpya kabla haijaingia maji. Nikasema kwa sauti, karibu! Peke yangu chumbani, namkaribisha kaa.

Sasa sikiliza. Kwanza, mguu umeota. Ule wa pili wa kushoto. Mdogo kuliko wenzake, mwembamba, rangi yake bado hafifu, lakini ni mguu, anaukanyagia. Nimehesabu mara nyingi, akisogea naanza upya.

La pili, kahama. Yale magamba matatu uliyomwachia aliyapima yote. Anaingiza gando ndani, analizungusha gamba, anachungulia, anaondoka, utadhani binti anayechagua viatu kwa Fundi. Hakupenda hata moja. Nikamwonea huruma, kanenepa, lile la kijivu linambana. Unalikumbuka lile gamba langu la kusugulia kola, la mviringo, laini, ambalo kola yoyote niliyoipitishia ilitoka inang'aa? Nilikuwa nalo tangu nikiwa kijana kwenye kazi ile. Nikaliosha kwa maji matupu, nikaliweka. Alilizunguka weee. Halafu akachomoka, yaani nilimwona uchi, Cheche, kijitumbo kimejipinda, laini, kama kidole kilichokaa sana majini, nikageuza uso. Nilipotazama tena alikuwa ndani ya gamba langu, kinyumenyume, anajitikisa kama mtu anayekaza mkanda.

Ile ngozi ya zamani kaiburuta mwenyewe nje ya tundu, anaitafunatafuna.

Usije na gari la mboga. Lala sasa.

Bibi yako, kwa mkono wa karani.


2 Aprili

Bibi,

Mguu umeota.
Rangi nyingine.
Nyumba nyingine.
Na dada karani hakumwona.

Kifaranga kimeoga, sio?

Nilikuambia usininunulie. Alama zote nilizokupa, hana hata moja. Kama amekufa ungesema tu. Nimelia chooni kwa sababu bwenini hakuna pa kulilia.

Nakupa nafasi moja. Unasema ngozi yake ya zamani ipo. Itie kwenye bahasha, unitumie. Kama upande wa kushoto mguu wa pili haupo, nitaamini. Kama haikuja, nitajua haipo. Jumamosi hii nina zamu ya jikoni, sipati nafasi. Jumamosi inayofuata mzigo wangu uko chini ya kitanda.

Cheche


7 Aprili

Mjukuu wangu,

Anaandika Fundi Viatu. Nimemrudisha. Dada karani huandika vizuri, lakini hanibishii, na mimi bila mtu wa kunibishia maneno yanapotea njia.

Mambo ya kifaranga niachie, nitayajibu siku yake. Hilo la kifaranga ni kweli.

Kuhusu ngozi. Nimeitoa. Ni nyepesi, kama ganda la kitunguu. Nimeitazama kwenye mwanga, upande wa kushoto, mahali pa mguu wa pili, pana kishina tu. Nikasema haya, bahasha iko wapi, huyu mtoto atulie. Bahasha ikaja. Fundi kaandika anwani. Nikageuka kuchukua gundi, nikamwona Mpangaji amesimama pale pale nilipoitoa. Anapapasa mchanga. Anaenda hivi, anarudi hivi, anapapasa. Kama mimi na chumba hiki, Cheche. Kama mtu aliyeweka kitu chake mahali akakikuta hakipo.

Nikairudisha.

Siitumi. Umeandika kwa mkono wako kwamba anaila na ndiyo inayompa nguvu, na huo mguu mpya bado laini. Uliniachia nimtunze, hukuniachia nimtumie kama risiti. Mara moja nilimfanyia vibaya kwa kutojua. Sasa najua. Kama kuamini kwako ni lazima kumnyang'anye chakula mdomoni, basi usiamini.

Najua maana yake. Najua gari la mboga ni Jumamosi. Nimekaa nimesimama, nimekaa nimesimama, Fundi shahidi. Fundi mwenyewe kamwona kaa, kahesabu, anataka kuandika ushahidi wake hapa chini. Nimemkataza. Neno langu si kiatu, halihitaji kiraka.

Ukija mlango uko wazi, sitakufukuza. Ila utamkuta Mpangaji na miguu yake yote, halafu itabidi utafute sababu nyingine iliyokutoa shuleni.

Bibi yako.

Mimi Fundi. Amesimama nyuma yangu na hajui kusoma, lakini anajua wino ukizidi. Naacha hapo.


14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi geti lilifunguliwa. Nilitoka na mzigo mpaka kwenye gari, nikasimama karibu na magunia ya viazi, dereva akaniuliza, unapanda au unapima? Nikasema napima. Nikarudi.

Nimefikiri hivi. Kifaranga kilipokufa ulikuwa na jibu kabla sijauliza. Siku zile za Mpangaji kupanda kioo, pia ulikuwa nalo. Safari hii nilikuomba kitu, na ngozi yoyote ungeivunja mguu mmoja ukanitumia. Umekataa. Mtu anayedanganya hakatai, Bibi. Anatuma.

Baada ya hapo ndipo nilipomwuliza mwalimu wa biolojia kama mguu wa kaa huota. Amesema huota, wakati wa kujivua ngozi. Lakini ujue nilikuamini kabla ya kumwuliza. Tarehe hiyo niandikie mahali.

Nimeomba kubadilisha kitanda. Niko cha juu, dirishani. Kinatikisika nikigeuka, na mimi nageuka sana, lakini mlango uko mbali. Juzi nililala mpaka kengele.

Lile gamba lake la kijivu usilitoe kwenye sanduku. Wakati mwingine huwa wanarudi kulijaribu, wakiona jipya limewapwaya.

Fundi, leo soma yote.

Cheche


22 Aprili

Cheche wangu,

Kasoma yote. Na alipofika kwenye mtu anayedanganya hakatai, kanitazama mimi, nikamwambia endelea, unatazama nini, kiatu?

Gamba la kijivu nilikuwa nimelitupa. Nisikufiche. Lina ufa, nikaona uchafu. Nimeshuka na goti hili mpaka kwenye pipa la dobi, nimepekua, wateja wanatazama, dada karani anaona aibu kwa niaba yangu. Nimelipata. Nimeliosha kwa maji matupu, liko pembeni mwa sanduku. Jana kalipitia, katia gando moja, kachungulia. Hakuingia. Kaenda zake kwenye tango.

Halafu nimetazama kitanda chako. Nilikuwa nimepanga nguo juu yake tangu Machi, mashati ya watu, maana nimeanza tena kumsaidia dobi kidogo kidogo, mikono inawasha. Nimeyahamishia kwenye kabati. Nimetandika shuka, nimeipiga pasi ikiwa palepale kitandani, Fundi anasema hajawahi kuona ujinga wa namna hiyo.

Likizo ukija, kiko tupu. Na ukiona kinakubana, usinifiche.

Bibi yako, kwa mkono wa Fundi Viatu, ambaye hana la kuongeza.